Kabla Hujafungua Kichupa Hiki

Kabazi, Jumapili, saa kumi za mchana

Mwanangu Chebet,

Kama unasoma haya, basi unaumwa. Karatasi hizi nimezizungushia kichupa chako cha aspirini na kuzikaza kwa uzi wa gunia, fundo lile lile ninalofungia ndama mkorofi, kwa hiyo najua huwezi kufikia kidonge hata kimoja bila kupita kwangu kwanza. Pole, mama. Pole sana. Sasa nijibu swali moja: umekula? Kama hujala, weka barua chini, katafute hata kipande cha mkate au uji uliobaki, kisha urudi. Nitakungoja. Mimi leo ni karatasi, sina pa kwenda.

Umekula? Haya, keti.

Wewe na mama yako mmevuka mto kwenda kumuaga bibi yako, nami nimeachiwa amri moja: funga sanduku. Sanduku limekataa. Nimelikalia likafunga, nikasimama likafunguka. Nimelikalia tena nikafikiri kwamba huenda ukalazimika kusafiri na baba yako juu ya kifuniko mpaka chuoni. Mwishowe nimelifungua nipange vitu upya, na ndipo nikaona sababu. Mama yako amekificha kibuyu kizima cha maziwa ya mursik ndani ya gauni lako la kanisani. Na chini ya kibuyu, ndani ya soksi ya kijivu, wewe umeficha kichupa. Vidonge mia moja.

Sikuuliza umekitoa wapi. Memsahib, mke wa bwana mwenye shamba, humpa kila anayeondoka shambani zawadi moja kati ya mbili, Biblia au aspirini, na Biblia ulikuwa nayo.

Habari za kuamka mapema, kuwasalimu walimu na kutokopesha vitana sitaziandika. Mama yako amezisema tangu Jumatano, na jana alizisema ukiwa umelala ili zikuingie vizuri. Wala sitakufokea kwa ajili ya soksi. Ulikificha kwa sababu unajua vidonge hivi vilifanya nini katika nyumba hii. Lakini unajua nusu. Ulikuwa na miaka kumi, na uliambiwa kwamba baba aliugua tumbo, Mungu akamponya. Hivyo ndivyo ninavyosimulia kanisani pia. Kuna mambo kadhaa ambayo Mungu na mimi tumekubaliana kuyaruka.

Mwaka ule nilikuwa nimefanywa nyapara wa wakamuaji. Unajua baridi ya huku alfajiri, na unajua kile kigoda cha kukamulia kilivyo kifupi, mtu anakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Ng'ombe kumi na mbili kabla ya jua, halafu kuibeba mikebe mikubwa ya maziwa mpaka njiani linakopita lori. Mgongo wangu ulianza kuuma kiunoni, ukashuka mpaka gotini, nikawa nainuka kwenye kigoda kwa awamu. Wakamuaji waliona. Hakuna aliyecheka mbele yangu, lakini niliwasikia wakinyamaza ghafla nikiingia bandani, na kicheko kilichonyamazishwa ni kibaya kuliko kile cha wazi.

Nikaenda barazani kwa memsahib. Siku hizi mna zahanati, lakini wakati ule zahanati ilikuwa memsahib mwenyewe, amesimama nje ya jiko lake kila alfajiri kabla ya kukamua, na bati la biskuti lililojaa dawa. Chumvi ya kuendesha kwa wenye tumbo gumu, dawa nyekundu kwa vidonda, na aspirini kwa mengine yote. Tulipanga foleni. Alimpa kila mtu viwili, na kabla ya kumpa alimwuliza kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata:

"Wewe kwisha kula chakula?"

"Ndio, memsahib," tulijibu, mmoja baada ya mwingine, kama tunavyoitikia sala.

Na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula. Unajua kwetu kazi ilivyo. Mwanamume aliyekula kabla ng'ombe hawajakamuliwa alionekana mvivu, hata ng'ombe walimtazama vibaya. Chakula kilikuwa saa nne, maziwa yakiisha kuondoka na mabanda yakiisha kufagiliwa. Tangu jana jioni hadi saa nne tumboni hamna kitu ila chai ya rangi. Basi mwanamke yule alituuliza swali la maana kuliko yote, kila siku, na sisi tulimdanganya kwa adabu.

Sitaisingizia dawa, Chebet. Ilifanya kazi. Nilimeza viwili, na baada ya kama nusu saa mgongo ukanyamaza. Niliinuka kwenye kigoda kwa mara moja. Nikabeba mkebe peke yangu, na si kwamba ulihitaji kubebwa na mtu mmoja, ila mjomba wako arap Koros alikuwa akipita. Unamjua mjomba wako, ndugu mkubwa wa mama yako, mtu asiyesifu hata mvua. Akasimama, akaniangalia, akasema, "Shemeji, umekuwa kijana tena."

Maneno hayo yaliniharibia tumbo kuliko kidonge chochote. Tangu siku ile sikumeza dawa kwa ajili ya mgongo. Niliimeza ili mtu aseme tena.

Viwili vya alfajiri vikawa viwili vya alfajiri na viwili vya mchana. Halafu na vya jioni. Memsahib hakukubali kumpa mtu zaidi ya viwili kwa siku, lakini mimi nilikuwa nyapara. Kazi yangu ilikuwa kugawa kazi, nikaanza kugawa magonjwa. "Wewe leo kichwa. Wewe goti. Wewe mgongo, lakini usijikunje sana, usiuzidi wangu." Walikwenda, wakapewa, wakaniletea. Siku moja nilimpangia mjomba wako jino. Akasimama mbele ya memsahib ameshika shavu, na memsahib kwa huruma zake akaingia ndani akatoka na koleo. Mjomba wako alikimbia mpaka shamba la pili. Jioni alinijia akaniambia nimtafutie ugonjwa usio na vyombo.

Kwa hiyo nikageukia duka la Mhindi pia. Nilinunua aspirini, nilinunua na ule unga wa kichwa unaouzwa katika vikaratasi, nikidhani nabadilisha dawa. Kumbe ndani ya unga ule mlikuwa na aspirini ile ile iliyosagwa. Nilikuwa nampa mgeni mmoja viti viwili.

Na Jumamosi, kwa kuwa tumeshaanza kusema ukweli, nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya mjomba wako kwa kikombe cha pombe ya busaa. Kimoja. Wakati mwingine kimoja kilikuwa kikubwa. Mzee wa kanisa, na vidonge kumi tumboni, na busaa juu yake. Sehemu hii ikiwa unamsomea mtu, kohoa kidogo uiruke.

Ndipo wakaja nyuki.

Niliwasikia kwanza kitandani. Mlio mwembamba, wiiii, karibu kabisa. Nikamwamsha mama yako nikamwambia kuna kundi la nyuki juu ya nyumba. Akasikiliza, akasema hasikii kitu. Asubuhi nikawasikia bandani. Jumapili nikawasikia kanisani, na baada ya ibada nikamvuta mchungaji kando nikamwambia kuna nyuki juu ya mimbari yake. Alitazama juu muda mrefu kwa heshima. Nilifurahi, mwanangu. Kundi linalokufuata kila uendako ni baraka ya aina yake, na mimi tayari nilikuwa nahesabu asali.

Nikamwita mjomba wako, kwa sababu katika ukoo wao yeye ndiye mtu wa mizinga. Akaja na mwenge wa moshi. Akapanda darini mwa banda la ng'ombe, akafukiza kila kona mpaka ng'ombe wakaanza kukohoa kama wazee. Siku ile maziwa yalipungua nusu. Bwana mwenye shamba akaja mbio akidhani banda linaungua.

"Nini hii? Moto?"

"Hapana, bwana," nikasema. "Nyuki."

"Wapi nyuki?"

Mjomba wako akachungulia kutoka darini, uso mweusi kwa masizi, akaninyooshea kidole. "Ni wa huyu, bwana. Sisi wengine hatusikii."

Nikakatazwa kusema neno nyuki mpaka mwisho wa mwezi. Lakini nyuki wenyewe hawakukatazika. Mlio ule, Chebet, ulikuwa aspirini. Ukizidisha, masikio hulia. Sikuambiwa na mtu, na hata ningeambiwa ningesema si kweli, kwa kuwa nilikuwa nimeshachonga mzinga.

Sasa nafika pagumu. Nimesimama hapa kidogo nikaenda kutazama ndama. Ndama hawana shida yoyote.

Baada ya nyuki, choo changu kikawa cheusi. Samahani, lakini wewe unakwenda kuwa mwalimu na utasikia maneno mabaya kuliko hayo. Cheusi, chenye kunata, kama ile lami wanayomwaga barabarani Nakuru. Siku ya kwanza nikasema labda ni mboga. Siku ya tatu nikakaa nikafikiri, na nikapata jibu, na nilijivunia sana jibu hilo. Nilisema ni mkaa.

Unajua mama yako anavyotengeneza mursik. Anasugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka kuta zote zinakuwa nyeusi, ndipo anamimina maziwa yalale humo yagande. Ndiyo maana mursik yake ina ile rangi ya kijivu kidogo na ile harufu inayomwita mtu kutoka barabarani. Nilikuwa nainywa tangu tulipooana, na choo changu hakikuwahi kuwa na neno. Lakini sikutaka kufikiria hilo. Nikaingia jikoni nikamwambia, "Rael, mkaa wako umezidi. Unanichafua tumbo."

Alipunguza mkaa. Choo kikabaki cheusi. Nikarudi. Akaosha kibuyu, akapaka mkaa kidogo mno, kama mtu anayetia chumvi. Cheusi. Nikarudi tena. Akanipa maziwa ya kibuyu kipya kisichopakwa kabisa, na siku mbili baadaye nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba anatia mkaa kwa siri.

Mgeni asiyejua mambo yetu ataona ni ugomvi wa maziwa. Kwetu, ukisema kibuyu cha mke wako ni kibaya, umemsema yeye, umemsema mama yake, na umemsema bibi aliyemfundisha. Mama yako aliweka kibuyu chini polepole. Akasema, "Kibuyu changu kimekufanyia nini, baba Chebet? Sema mbele ya kaka yangu."

Basi kesi ikaitwa. Jumapili, baada ya ibada, nyuma ya stoo ya maziwa, wazee watatu wamekalia mikebe iliyopinduliwa. Kibuyu kikawekwa katikati kama mshtakiwa. Mjomba wako akasimama upande wa dada yake. Kwanza alikichukua kile kibuyu akanywa kikombe kizima mbele ya watu wote, akajifuta mdomo, akasema, "Nimekunywa. Kesho asubuhi nitawaletea habari." Wazee wakakubali kwamba huo ni ushahidi mzuri, na mmoja akaomba naye awe shahidi, kwa kuwa alikuwa na kiu.

Nikaambiwa niseme yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikasimama, nikasema, "Wazee, mkaa," na dunia ikageuka upande. Nilitapika. Kilichotoka kilikuwa kama yale machicha yanayobaki chini ya birika la kahawa la memsahib. Kisha sikumbuki, ila nakukumbuka wewe, na bati la maji mikononi, ukisema mkono wa baba ni baridi. Ulilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unayetoa habari. Mpaka leo ndiyo sauti ninayoisikia nikiogopa.

Memsahib alinipakia nyuma ya gari lake lile lenye turubai. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama yako, njia yote kutoka huku juu mpaka Nakuru, mashimo yote. Nilifungua macho mara moja nikamwona ananitazama kutoka juu. Akasema neno moja tu.

"Mkaa, ee?"

Nikayafunga tena.

Hospitalini nilipokelewa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mfupi, mkali, kijana wa kutosha kuwa mwanangu. Alinitazama kope kwa ndani, akaona hazina damu.

"Mzee, unakula dawa gani?"

"Aspirini kidogo."

"Ngapi kwa siku?"

"Mbili."

"Mzee."

"Nne."

"Mzee, mimi iko na wagonjwa wengine. Ngapi?"

Tulipanda hivyo hivyo kama watu wanaonunua fahali, yeye akiongeza, mimi nikishikilia, mpaka tukafika kumi. Nilipofika kumi mama yako alishusha pumzi. Hakuwa anajua. Kumi, na unga wa duka sikuutaja mpaka kesho yake.

"Na unakula na chakula?"

"Chakula ni baada ya kukamua."

Dresa akaweka kalamu chini. Akanieleza pole pole, na mama yako akisikiliza, kwamba aspirini hutuliza maumivu, lakini pia huondoa ile kinga inayolinda ukuta wa tumbo, na tumbo likiwa tupu ndipo mambo yanapokuwa mabaya. Kwamba tumbo langu lilikuwa limechimbika kidonda na kidonda kilikuwa kinatoa damu kidogo kidogo kwa majuma. Kwamba damu ikipita tumboni na matumbo haitoki nyekundu, inatoka nyeusi. Akasema, "Hiyo si mkaa, mzee. Hiyo ni wewe mwenyewe."

Mama yako alikuwa amesimama hapo na kibuyu mkononi. Alikuwa ametoka nacho pale kwenye kesi, akapanda nacho garini, akaingia nacho hospitalini, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kwamba mshtakiwa ameachiliwa. Alikitazama. Akanitazama mimi. Nami, Chebet, nikasema, "Kumbe si mkaa." Nikadhani nimeomba radhi.

Daktari alisema ningelala nyumbani usiku mmoja zaidi mngenizika. Nilitiwa chupa mbili za damu, moja ya mtu nisiyemjua na moja ya mjomba wako, aliyekuja kesho yake na lori la maziwa. Tangu hapo kila ninapokuwa mbishi anasema hiyo ni ile damu yangu ya mwanzo, yake haina ubishi. Habari aliyowaahidi wazee aliitoa pia. Haikuwa nyeusi.

Nililala pale majuma matatu na dresa akanikaririsha masomo kama mtoto wa katekisimu. Nakupa kama nilivyopewa, kwa sababu kichupa ni chako na siwezi kuwa na wewe. Kwanza chakula, kisha kidonge, na maji kikombe kizima. Viwili wakati mmoja, na kama maumivu yakirudi upesi, ngoja saa nne zipite, hata kama zinapita taratibu. Zikifika siku mbili tatu na bado unavihitaji, basi tatizo si la kidonge tena, ni la kuonwa na mtu aliyesomea. Unga wa duka usiuchanganye navyo, ni ndugu. Pombe hunywi, najua, lakini hata juu yangu watu walisema hivyo hivyo. Usimgawie mwenzako kabla hujamwuliza habari za tumbo lake. Ukisikia nyuki, hakuna nyuki, acha dawa. Na ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika yale machicha ya kahawa, usingoje asubuhi, usifikiri, usipate jibu lolote la busara. Nenda hospitali ukiwa bado unaweza kutembea, na useme hesabu ya kweli mara ya kwanza unapoulizwa.

Kuna jingine, na hapa naandika nikitazama dirishani. Mama yako aliniambia zamani kwamba kila mwezi kichwa chako huuma siku mbili. Sikuwahi kuuliza kwa nini kichwa kinauma kwa kufuata kalenda. Mimi nimeambiwa ni kichwa na nimekubali ni kichwa. Lakini dresa alisema aspirini huifanya damu isigande upesi. Kwa hiyo, kichwa cha namna hiyo kikizidi kuwa kizito baada ya kumeza, mwambie matroni, atakuelewa bila wewe kueleza sana. Nimemaliza. Natazama tena karatasi.

Nilipokiona kichupa leo, jambo la kwanza nililofanya ni kukichukua mpaka mlangoni mwa choo nikitupe. Nilisimama pale na mkono juu. Kisha nikakumbuka ile asubuhi ya kwanza, mgongo uliponyamaza. Itafika siku una mtihani na kichwa cha kalenda, na vidonge viwili baada ya sahani ya chakula vitakuwezesha kukaa kitini uandike. Siwezi kukunyima siku hiyo kwa sababu ya upumbavu wangu. Nimekirudisha ndani ya soksi.

Kinachonitisha si kidonge. Ni soksi. Mwaka jana ulikaa na jino bovu majuma mawili ukitabasamu upande mmoja, na hakuna aliyejua mpaka shavu lilipovimba. Hilo umelitoa kwangu, na samahani, ningependa ungechukua pua yangu badala yake. Mimi niliponea kwa sababu nilianguka mbele ya watu wanaonijua. Huko unakokwenda hakuna anayejua rangi ya uso wako ukiwa mzima. Unaweza kupauka polepole katikati ya wasichana mia na wote wadhani ndivyo ulivyozaliwa. Hilo ndilo linalonifanya niandike alasiri yote na ng'ombe wananiita. Naogopa, Chebet. Basi chagua msichana mmoja, yeyote, hata mwenye maneno mengi, huyo ndiye mzuri zaidi, na umwambie ukiumwa. Na uniandikie mimi. Andika waziwazi, hata kama karani wa posta anasoma. Nitajivunia barua yenye neno choo ndani yake kuliko barua yenye neno salama lisilo la kweli.

Sasa la mwisho, maana nawasikia. Mko ng'ambo ya mto na mama yako anagombana na mbuzi wa mtu.

Umewahi kujiuliza kwa nini mimi hunywa maziwa meupe? Tangu niliporudi kutoka hospitali, miaka saba, mama yako hajanipa mursik. Siku ile ya kwanza aliniletea maziwa freshi katika bakuli, na ulipopewa shuleni kile kikombe chenye picha ya Malkia, akahamia kwenye kikombe. Meupe pe. Kila siku Malkia na mimi tunatazamana. Wageni wanapewa mursik. Mchungaji anapewa. Yule mtu aliyekuja kupima mipaka, aliyekaa dakika kumi, alipewa na akaongezwa. Paka anapewa yale ya kusuuzia kibuyu, kisha anakuja kujilamba mbele yangu. Mimi nimekaa kimya nikisubiri anisamehe, na leo nikiwa nimelikalia sanduku lako ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kuomba. Nilificha maumivu, nikaficha vidonge, nikamtwika yeye lawama, halafu nikaificha hata samahani. Miaka saba ndani ya soksi.

Nitamwambia leo. Mkiingia nitakutuma ukafunge ndama, na natumaini utakapowakuta wameshafungwa utazunguka zunguka huko kidogo. Nitasema, "Rael, kibuyu chako hakikuwa na kosa. Mimi nilikosa." Nimeyajaribu kwa sauti hapa peke yangu na nimejikwaa mara mbili, lakini yatatoka. Kisha nitamwomba kikombe cha mursik.

Wewe unayesoma haya unajua jambo ambalo mimi ninayeandika bado silijui. Kumbuka asubuhi ile nilipokupandisha kwenye lori la maziwa, ukainama juu ya ubao unipe mkono. Kumbuka uso wangu. Kama juu ya mdomo palikuwa na mstari mweusi wa mkaa, na labda uliona aibu mbele ya dereva kwamba baba yako hakunawa, basi ujue nilinawa uso wote nikauacha huo makusudi.

Na kama mstari haukuwapo, niandikie unishauri nijaribuje tena.

Haya. Viwili, mama, si vitatu, na maji kikombe kizima.

Baba yako,
arap Chumo